Sanduku la Maswali: Odin, Thor na Riwaya Yako ya Vijana

Barua nyingi zinazotufikia siku hizi ni za waandishi wanaotunga riwaya za fantasia za vijana kwa kutumia visasili vya Skandinavia. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha, na marefu tumeyafupisha.

Nimeanza riwaya ya kijana anayeingia katika ulimwengu wa Thor na Loki. Ninachokijua nimekipata kwenye filamu na vibonzo. Nianzie wapi kusoma? — Msomaji, Tanga

Filamu ziweke kando kwanza. Si kwamba ni mbaya, zina wenyewe. Loki kuwa ndugu wa kulelewa wa Thor, na nyundo ya Thor kumkubali yule tu anayestahili, ni mambo yaliyobuniwa na watunzi wa vibonzo wa Marekani katika karne ya 20, na ukiyachukua unachukua mali ya mtu. Katika maandiko ya kale Loki ni mwana wa jitu Farbauti, na ndugu yake wa kuchanjiana damu ni Odin, mkuu wa miungu, si Thor. Thor naye ananyanyua nyundo kwa sababu ana nguvu, basi. Anavaa glavu za chuma na mshipi unaomwongezea nguvu hizo. Ukianzia hapo, hakuna wakili atakayekuandikia barua.

Vyanzo vikubwa ni viwili, vyote vya Iceland. Cha kwanza ni Edda ya Mashairi, mkusanyo wa mashairi ya kale. Nakala yake kuu, Codex Regius, iliandikwa kwenye ngozi katika miaka ya 1270 hivi. Zimebaki karatasi 45. Nane za katikati zilipotea, zikaondoka na sehemu ya kisa cha Sigurd muua joka. Cha pili ni Edda ya Snorri Sturluson, aliyeiandika karibu mwaka 1220 kiwe kitabu cha kufundishia washairi. Hapo shika jambo moja: Iceland ilipokea Ukristo karibu mwaka 1000. Snorri alikuwa Mkristo, tajiri na mwanasiasa, akauawa nyumbani kwake mwaka 1241. Anasimulia miungu walioachwa miaka mia mbili na zaidi kabla yake. Kwa hiyo hakuna toleo moja rasmi la kisa chochote. Karibu mwaka 1200 Mdenmark Saxo Grammaticus alimwandika Balder, kwa Kilatini, kuwa shujaa wa vita anayegombea mwanamke, wakati kwa Snorri Balder ni mungu mpole anayeuawa kwa hila.

Soma kwa mpangilio huu: sehemu ya Snorri iitwayo Gylfaginning kwanza, maana inakupa visa kwa mtiririko. Kisha mashairi ya Völuspá, Grímnismál, Vafþrúðnismál, Hávamál, Lokasenna na Þrymskviða. Tafsiri za Kiingereza za Brodeur (1916) na Bellows (1923) ni za zamani na zinapatikana bure kwenye intaneti. Tafsiri mpya zinasomeka vizuri zaidi, ila usinukuu mistari yake katika riwaya bila ruhusa: shairi la kale halina mwenyewe, tafsiri inaye.

Wakati wa kusoma weka daftari, na kila jambo ulipe herufi: M likiwa katika mashairi, S likiwa kwa Snorri peke yake, K likiwa la waandishi wa kisasa, W likiwa lako. Chukua mfano wa dunia tisa. Mashairi yanataja kuwa ni tisa, lakini hakuna andiko la kale linalozitaja zote kwa majina mahali pamoja. Orodha unazoziona mtandaoni zimeungwa na watu wa baadaye, kwa hiyo hiyo ni K. Asiyeweka daftari huja kugundua, riwaya ikiwa imekwisha kuandikwa, kwamba alichokiheshimu kama mapokeo ya kale ni mchoro wa mtu wa juzi.

Mhusika wangu ana miaka 16. Nikimkutanisha na mungu, anamalizwa kwa pigo moja. Nikimpa nguvu za kumshinda Thor, hadithi inapoa. Nifanyeje? — Mwandishi chipukizi, Nakuru

Unapima kwa nguvu, na visasili hivi havipimi kwa nguvu. Vinapima kwa malipo. Odin alitoa jicho lake apate kunywa katika kisima cha hekima cha Mimir. Mungu Freyr alitoa upanga wake ili ampate Gerd binti wa jitu, na siku ya vita vya mwisho atamkabili jitu Surt bila upanga huo. Kilichotolewa hakirudi. Kwa hiyo usiulize kijana wako ana uwezo kiasi gani. Uliza ameulipia nini, amemlipa nani, na ataanza lini kukihitaji alichokitoa.

Kichambue kisa cha Fenrir kama fundi anavyofungua injini. Miungu wanamwogopa mbwa mwitu waliyemlea wenyewe. Wanamfunga kwa mnyororo, anaukata. Wanamfunga kwa wa pili, anaukata. Wanawaagiza mafundi wa chini ya ardhi watengeneze kamba iitwayo Gleipnir kwa vitu sita: kishindo cha nyayo za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, kano za dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Kamba inatoka laini kama utepe wa hariri, na mbwa mwitu, kwa kuwa si mjinga, anashuku. Anadai mmoja wao aweke mkono kinywani mwake uwe dhamana. Wote wanatazamana; Tyr peke yake anauweka. Kamba inashika, miungu wanacheka, na Tyr anapoteza mkono.

Hesabu yaliyomo. Kuna haja, kuna sharti, kuna dhamana, na kuna udanganyifu ambao kila aliyepo anaujua. Aliyelipa ndiye aliyekuwa mwaminifu kuliko wote. Mbwa mwitu alikuwa na haki ya kushuku, na miungu walikuwa na haki ya kuogopa. Mgogoro wa namna hiyo kijana wa miaka 16 anauweza kabisa, maana hauhitaji misuli.

Katika riwaya ya sura 25, patano la mhusika mkuu liwe limefungwa kufikia sura ya 4 au ya 5. Malipo ya kwanza, madogo, yaanze kuuma kati ya sura ya 11 na 13. Deni lote lidaiwe kwenye sura ya 20 hadi 22, ili zibaki sura za kuishi na hasara. Makosa ya kawaida hapa ni mawili. La kwanza ni kumrudishia mhusika alichokitoa kwa muujiza wa ukurasa wa mwisho. Msomaji anahisi ameibiwa. La pili ni kumlipisha kitu kisicho na uzito, kama pete ya bibi iliyotajwa mara moja. Atakachokipoteza mwonyeshe akikitumia na kukifurahia angalau mara tatu kabla ya patano. Kama ni sauti yake ya kuimba, tumsikie akiimba.

Ukitaka vijana waliomo tayari katika visasili, wapo: Thjalfi na dada yake Roskva, watoto wa mkulima. Thor anafika kwao jioni, anachinja mbuzi wake wawili wanaovuta gari lake, anawakaribisha wenyeji, na anaonya mifupa yote itupwe juu ya ngozi bila kuvunjwa. Thjalfi anapasua mfupa wa paja ale uboho. Asubuhi Thor anawafufua mbuzi, na mmoja anachechemea. Hasira inapotulia, watoto wawili wanachukuliwa kuwa fidia na wanakuwa watumishi wake. Baadaye Snorri anamshindanisha Thjalfi mbio na Hugi, ambaye kumbe ni Fikra yenyewe. Roskva hafanyi lolote katika safari nzima. Anatajwa, anasahaulika. Binti aliyelipishwa kosa la kaka yake, akaenda na mungu hadi nchi ya majitu, akarudi, na hakuna aliyeandika alichokiona: hapo pana riwaya nzima, na hakuna mstari wa kale utakaokupinga.

Kila mtu anajua kuwa mwisho ni Ragnarok na miungu wanakufa. Taharuki itatoka wapi? — Mwanafunzi wa Fasihi, Dodoma

Wasikilizaji wa kale nao walijua. Ihamishe taharuki kutoka kwenye kitakachotokea uipeleke kwa atakayebaki. Maandiko yanawataja watakaobaki: Vidar na Vali wana wa Odin, Modi na Magni wana wa Thor, na Balder na Hod wanaorudi kutoka kwa wafu. Kwa upande wa binadamu ni wawili tu, Lif na Lifthrasir, watakaojificha katika msitu wa Hoddmimir na kuishi kwa umande wa asubuhi. Hakuna aliyesema wana umri gani, ni watoto wa nani, au walichaguliwa vipi. Nafasi ni mbili. Wape wahusika wako watatu wanaopendana, kisha uone kama taharuki itakosekana.

Saa ya kuhesabia nayo ipo: kabla ya mwisho huja Fimbulvetr, majira matatu ya baridi yanayofuatana bila kiangazi katikati. Ukipanga vitabu vitatu, kila kimoja kipe baridi moja. Kosa linaloua mswada mapema ni kuanza sura ya kwanza na vita vikuu, halafu kurudi nyuma miaka miwili. Ukishawaonyesha watu anga ikiwaka moto, ghala la shayiri linalopungua halitawashtua tena. Na ghala hilo ndilo lililopaswa kubeba kitabu cha kwanza.

Nataka mhusika atumie uchawi wa maandishi ya runi. Kanuni zake niziwekeje ili isiwe kila tatizo linatatuliwa kwa kuchora alama? — Mwandishi, Bukavu

Anza na mbao. Runi, herufi za kale za Skandinavia, zilichongwa kwa kisu, ndiyo sababu zina mistari iliyonyooka ya wima na ya mshazari. Mstari wa mlalo ungefuata nyuzi za mti na kupotea au kuupasua. Hapo tayari una gharama: inahitajika mbao, kisu, mwanga na muda. Mhusika hawezi kuandika runi hewani huku anakimbia.

Kisha amua zama. Alfabeti ya zamani ilikuwa na runi 24 na ilitumika hadi karne ya 8 hivi. Ya enzi ya Waviking, mabaharia na wavamizi wa Skandinavia, ilikuwa na runi 16 tu, kwa hiyo runi moja ilibeba sauti zaidi ya moja: K na G ziliandikwa sawa, T na D sawa, B na P sawa. Usiuchukue huu kuwa usumbufu, ni zawadi. Jina lililochongwa linaweza kusomwa kwa namna mbili, na laana ikamwangukia asiye mlengwa.

Mfano bora umo katika saga (kisa kirefu cha kale cha Iceland) ya Egil. Kijana mmoja wa shamba alitaka kupendwa na binti aitwaye Helga, akamchongea runi kwenye mfupa wa nyangumi, lakini hakuzijua vizuri. Binti akaugua kitandani. Egil alipofika alizikwangua runi zile, akauchoma mfupa, akachonga nyingine na kuziweka chini ya mto, na Helga akapona. Kosa ni la mvulana, mgonjwa ni msichana. Kanuni inayotoka hapo inafaa riwaya nzima: runi haijali nia njema ya mchongaji, inafanya kile ilichoandikwa.

Uchawi wa pili ni seidr, wa uaguzi na kubadili bahati, na huo ulikuwa wa wanawake. Mungu wa kike Freyja ndiye aliyewafundisha jamaa za Odin, na mwanamume aliyeufanya alionekana amejivunjia heshima. Loki anamtukana Odin usoni kwa hilo. Katika saga ya Erik Mwekundu, mwaguzi Thorbjorg anafika kwenye shamba lililopigwa na njaa huko Greenland. Amevaa kofia ya ngozi ya mwanakondoo mweusi yenye bitana ya ngozi nyeupe ya paka, na ameshika fimbo yenye kirungu cha shaba. Anahitaji wanawake wamwimbie wimbo wa kuita pepo, na anayeujua ni mmoja tu: Gudrid, msichana Mkristo aliyefundishwa na mama mlezi wake. Anakataa kwanza, anabembelezwa, kisha anaimba vizuri kuliko wote. Tumia muundo huo: nguvu iko kwa mmoja, wimbo uko kwa mwingine, na mwenye wimbo hataki.

Naandika kuhusu binti aliyetoka Goma akiwa mtoto na sasa anasoma sekondari Bergen, Norwei. Viumbe vya kale vinaamka mjini. Nichunge nini? — Mama wa watoto wawili, Norwei

Chunga jua. Waandishi wengi waliokulia karibu na ikweta huandika giza linaingia saa kumi na mbili jioni hata Norwei. Desemba Bergen jua huchomoza karibu saa nne kasorobo asubuhi na kuzama karibu saa tisa na nusu alasiri. Juni huzama saa tano usiku na kurudi saa kumi alfajiri, na katikati hakuwi giza kamili. Ukimpeleka binti Tromsø, kule jua halionekani kabisa tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Saa zetu za Kiswahili huhesabiwa tangu mapambazuko na machweo, kwa hiyo "saa mbili asubuhi" inamletea msomaji picha ya jua limeshapanda. Ongeza neno: saa mbili asubuhi, giza totoro, watoto wakiwa na taa za kichwani njiani kwenda shule.

Hili linagusa msuko pia. Draugr, maiti anayetembea, ana nguvu zaidi majira ya baridi. Glam katika saga ya Grettir anasumbua shamba usiku mrefu wa baridi na anatulia siku zinaporefuka. Kama umeamua viumbe vyako vitoke usiku, Desemba vina saa 18 na Juni vina chache mno. Kalenda yenyewe inakupangia wapi mambo yapambe moto na wapi binti apumzike.

Kuhusu binti, mwache awe na lugha zake tatu na zifanye kazi. Mtoto aliyezoea kumtafsiria mama yake ofisini anajua kusikiliza maneno ya mkataba na kuuliza sharti limesemaje hasa. Mbele ya Loki ujuzi huo unafaa kuliko upanga.

Majina yaandikweje? Na majitu na wale wafua chuma wafupi niwaiteje? — Mhariri wa kujitegemea, Zanzibar

Herufi mbili zinazowatisha Waingereza hazitutishi sisi: Þ ni th ya thamani, na ð ni dh ya dhahabu. Majina yaliyozoeleka yaache yalivyo (Odin, Thor, Loki, Freyja). Yale mapya unaweza kuyaandika kwa th na dh bila tabu. Lililo muhimu ni kuchagua mfumo mmoja na kuwa na orodha ya majina yote ukurasa wa kwanza wa mswada. Majina yasianze kwa herufi moja: Frigg, Freyr, Freyja na Fenrir katika sura moja vitamchosha msomaji wa miaka 13. Watu wa kawaida hawana jina la ukoo bali la baba: mwana wa Erik ni Eriksson, binti yake ni Eriksdottir, na mke habadilishi jina akiolewa.

"Majitu" litumie kwa uangalifu. Wale wanaoitwa jötnar katika maandiko ya kale si lazima wawe wakubwa wa mwili; Skadi na Gerd ni wa ukoo huo, na wanaolewa na miungu. Kwa wafua chuma usitumie "mbilikimo" hata kidogo, maana hilo hutumika kuwaita watu halisi wa misituni. Halafu maandiko ya kale hayasisitizi kuwa walikuwa wafupi. Yanasema wanaishi ndani ya mawe na ardhi na ni mafundi. Waite "mafundi wa mwambani" au jina lolote la namna hiyo, ukishalitambulisha mara moja.

Ninaweza kuweka mhusika Mwarabu au Mwafrika kati ya Waviking bila kuonekana nalazimisha? — Msomaji, Muscat

Unaweza, na ushahidi upo. Ahmad ibn Fadlan alitoka Baghdad mwaka 921 katika ujumbe wa khalifa, na mwaka 922 aliwaona Warus, wafanyabiashara wa asili ya Skandinavia, kwenye mto Volga. Aliandika kuwa hajaona miili iliyokamilika kama yao, mirefu kama mitende, kisha akaeleza kwa kinyaa wanavyonawa wote katika beseni moja. Aliona pia mazishi ya mkuu wao aliyechomwa ndani ya meli, na kijakazi akauawa pamoja naye. Kwenye kisiwa cha Gotland, Uswidi, mwaka 1999 ilifukuliwa hazina ya Spillings, kilo 67 za fedha, zikiwamo sarafu zaidi ya 14,000, nyingi zikiwa dirhamu. Na Waviking walioshambulia pwani ya Moroko karibu mwaka 859 walichukua mateka. Kumbukumbu za Ireland zinasimulia mateka hao kuletwa huko. Usilainishe hilo. Utumwa ulikuwa biashara yao kubwa, na riwaya ya vijana inaweza kuusema bila kuonyesha kila jeraha.

Mengine ya kukagua kwa haraka: kofia zenye pembe zitoe, ni mavazi ya jukwaani yaliyochorwa na Carl Emil Doepler kwa opera za Mjerumani Wagner mwaka 1876. Viazi, nyanya na mahindi vitoe, vilitoka Amerika baada ya 1492. Weka shayiri, siagi, maziwa mgando na ng'onda. Meli usiijaze watu mia tatu: ile ya Oseberg, iliyozikwa mwaka 834, ina urefu wa mita 21.5 hivi na jozi 15 za makasia. Tanga lilikuwa la sufu, na likilowa ni zito.

Baadhi ya wazazi wanaona riwaya hizi zinafundisha kuabudu miungu. Niwajibuje? — Mwalimu wa sekondari, Morogoro

Snorri alikumbana na swali hilohilo miaka 800 iliyopita. Aliweka dibaji inayoeleza kuwa hao "miungu" walikuwa watu waliotoka mji wa kale wa Troya, na wenyeji wakawastaajabia. Wewe huhitaji dibaji; andika mungu kwa herufi ndogo, na waonyeshe kama maandiko yanavyowaonyesha: wanazeeka wakikosa matufaha ya Idun, wanadanganya, wanakufa. Ila usiwafanye kichekesho cha dini, kwani huko Iceland chama cha waumini wa miungu hao, Ásatrúarfélagið, kilianzishwa mwaka 1972 na wafuasi wake wapo hai.

Riwaya iwe na urefu gani? — Wasomaji kadhaa

Fantasia ya vijana kwa Kiingereza huwa kati ya maneno 60,000 na 100,000. Kwa Kiswahili usifuate namba hizo, kwa sababu "nitakapomwona" ni neno moja kwetu na manne au matano kwao. Lenga 45,000 hadi 60,000. Sura 25 za maneno 2,000 zinatoa 50,000, na kwa maneno 300 kwa ukurasa hizo ni kurasa 170 hivi, ambazo mchapishaji anaweza kuzibeba bila bei kupanda sana. Ulimwengu usiueleze kwa mkupuo: si zaidi ya aya mbili za maelezo mfululizo, na hakuna mungu mpya ndani ya sura tatu za mwisho. Faharasa ya majina ukiiweka, iwe nyuma na isizidi kurasa mbili.

Ninachora jalada. Runi gani zinapendeza? — Msanifu, Dar es Salaam

Pendeza ni jambo la pili. Runi ya S ikichorwa mbili sambamba ilikuwa alama ya kikosi cha SS cha Wanazi, na Ujerumani kuitumia hadharani kunaweza kukupeleka mahakamani. Runi ya O ya alfabeti ya zamani, hasa ikiwa na miguu iliyokunjwa, hutumiwa na makundi ya kibaguzi hadi leo, na ile ya T inayofanana na mshale nayo imetumiwa hivyo. Andika neno kamili lenye maana kwa runi 16 za Waviking, mwandishi ahakiki herufi kwa herufi, na mfano mpeni mtu anayezisoma kabla faili halijaenda mtamboni. Vinginevyo chora mbwa mwitu aliyefungwa utepe.